Mate Yakipungua, Shingo ya Jino Huoza: Mwongozo wa Kulinda Mizizi ya Meno Uzeeni

Mzee aliyeyatunza meno yake kwa miaka 70 bila kung'olewa hata moja anaweza kuyapoteza matano au sita katika kipindi cha miaka miwili, na chanzo mara nyingi hakimo kwenye meno yenyewe. Ameanza kutumia dawa mpya, kinywa kimekauka, naye amezoea kumung'unya peremende ili apate nafuu. Ukoga unaojikusanya pale jino linapokutana na fizi unapata sukari kutwa nzima, na mate ambayo yangeizima asidi hayapo. Jino la namna hii halitoboki juu, kwenye uso wa kutafunia, kama linavyotoboka la mtoto; linaliwa shingoni, ukingoni mwa fizi, taratibu na mara nyingi bila maumivu, hadi siku linapokatika katikati ya mlo na mwenyewe akatema kichwa kizima cha jino akidhani ni kitu kigumu kilichokuwa kwenye chakula.

Mwongozo huu ni wa mzee mwenyewe na wa mtoto, mjukuu au muuguzi anayemhudumia. Mpangilio wake ni wa makusudi: mate kwanza, kisha sukari, kisha mswaki na floraidi, ndipo matibabu. Wengi huanza na mswaki, na mswaki una kazi yake kubwa. Lakini kumhimiza mtu apige mswaki mara tatu kwa siku huku kinywa chake ni kikavu na peremende haimtoki mdomoni ni kuchota maji kwa pakacha.

Kwa nini mzizi, na kwa nini uzeeni

Kichwa cha jino, yaani sehemu tunayoiona mtu anapocheka, kimevikwa enameli, ambayo karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Mzizi hauna vazi hilo. Umeumbwa kwa dentini, ambayo takriban asilimia 70 tu ya uzito wake ni madini na iliyobaki ni nyuzi za kolajeni pamoja na maji. Juu yake lipo ganda la sementi ya jino, nalo hapo shingoni ni jembamba kiasi kwamba linaweza kulika kwa kusuguliwa tu. Maadamu fizi imeufunika mzizi, udhaifu huu haudhuru. Fizi inaposhuka, kwa sababu ya ugonjwa wa fizi, kwa kusugua kwa nguvu miaka mingi, au kwa yote mawili, mzizi hubaki wazi mbele ya asidi.

Tofauti ya uimara inapimika. Enameli huanza kuyeyuka pale pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, inaposhuka hadi karibu 5.5. Dentini ya mzizi huanza kuyeyuka mapema zaidi, kwenye pH ya kati ya 6.2 na 6.7, kiwango ambacho kinywa hukifikia kwa urahisi. Kwa hiyo kikombe cha kinywaji chenye sukari ambacho hakikukudhuru ulipokuwa na miaka 30 kinaweza kukudhuru leo ingawa hukubadili chochote katika mazoea yako. Madini yakishayeyuka, vimeng'enya huzikata nyuzi za kolajeni zilizobaki, na mzizi unakuwa laini.

Kinachosimama kati ya jino na asidi hiyo ni mate. Zaidi ya asilimia 99 ya mate ni maji, lakini kile kidogo kilichobaki ndicho chenye kazi kubwa: bikaboneti inayoizima asidi, kalsiamu na fosfeti zinazorudisha madini yaliyoyeyuka, na protini zinazolainisha kinywa na kuwadhibiti bakteria na fangasi. Jozi tatu za tezi kubwa, moja mbele ya masikio, moja chini ya taya na moja chini ya ulimi, pamoja na mamia ya tezi ndogo zilizotawanyika midomoni na mashavuni, hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Tangu miaka ya 1940, mtafiti Robert Stephan alipopima asidi kwenye meno ya watu waliosukutua kwa maji ya sukari, inajulikana kwamba pH ya ukoga hushuka ndani ya dakika chache na kwamba huchukua nusu saa au zaidi kurudi ilipokuwa. Kinywa kikavu huchelewa zaidi kurudi, na kama sukari nyingine inaingia kabla hakijarudi, mzizi hushinda siku nzima ndani ya asidi.

Jambo moja liwekwe sawa kabla ya kuendelea. Si kweli kwamba kinywa cha mzee lazima kikauke. Umri wenyewe hupunguza uwezo wa tezi kiasi, lakini wanaokauka kinywa hasa ni wale wanaotumia dawa nyingi au wenye maradhi yanayogusa tezi. Tofauti hii ina maana kubwa, kwa sababu umri haubadiliki na orodha ya dawa inabadilika.

Hatua ya 1: Thibitisha kama mate yamepungua

Usingoje mzee alalamike. Hisia ya ukavu kwa kawaida huja mate yakiwa yamekwisha kupungua kwa karibu nusu, na wapo ambao hawaihisi kabisa. Muulize maswali ya kawaida. Je, anahitaji kinywaji ili ameze chakula kikavu? Anaamka usiku kunywa maji? Ulimi unamganda juu ya kaakaa anapozungumza kwa muda mrefu? Meno bandia ambayo zamani yalikaa vizuri sasa yanamchubua? Ladha ya chakula imebadilika?

Kisha tazama. Osha mikono, mwombe afungue kinywa mbele ya mwanga, uguse upande wa ndani wa shavu kwa kidole. Kikiganda badala ya kuteleza, hiyo ni dalili. Mwambie ainue ulimi: kwenye kinywa chenye mate ya kutosha utaona yakikusanyika pale chini ndani ya muda mfupi, na kwenye kinywa kikavu utaona utando mkavu au povu jeupe lenye kunata. Ulimi uliopasukapasuka, midomo iliyochanika pembeni na mabaka mekundu au meupe ya fangasi huongezea uzito wa ushahidi.

Ukitaka kipimo, kipo cha nyumbani ambacho ni rahisi. Mchana kabla ya kula, angalau saa nzima tangu mlo, kinywaji au mswaki wa mwisho, mzee akae kitako, ainamishe kichwa na kuyaacha mate yadondoke yenyewe ndani ya kikombe kidogo kwa dakika 15, bila kutafuna, kuzungumza wala kuyavuta. Yavute kwa bomba la dawa lenye alama za mililita, lisilo na sindano. Mtu wa kawaida hutoa kama mililita 5 kwa muda huo. Zikipatikana mililita 1.5 au pungufu, yaani sehemu ya kumi ya mililita kwa dakika, mate yamepungua kwa kiwango ambacho madaktari wanakihesabu kuwa ni ugonjwa. Andika tarehe na kiasi, kwa kuwa karatasi hiyo itakufaa kliniki kuliko maneno mengi.

Hatua ya 2: Mwaga dawa zote mezani

Hii ndiyo hatua ninayoiona kuwa ya maana kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Kusanya kila dawa anayotumia mzee, ya kuandikiwa na ya kununua mwenyewe, ya kumeza, ya kunywa, ya kuvuta na ya kunyunyiza puani, uziweke mezani na kuziandika moja moja pamoja na saa anazozitumia.

Zinazokausha kinywa ni nyingi. Zimo dawa za mzio na mafua za aina ya zamani, zile zinazoleta usingizi; dawa za sonona, hasa amitriptilini na ndugu zake; dawa za kutuliza kibofu kinachokojoa mara kwa mara; dawa kadhaa za magonjwa ya akili na za Parkinson; dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni; na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, zikiwemo zinazoongeza mkojo. Moja peke yake inaweza isilete shida kubwa. Zikifika nne au tano pamoja, ukavu unakuwa jambo la kutarajiwa.

Mzee asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake, wala wewe usimwachishe. Peleka orodha kwa daktari aliyeziandika au kwa mfamasia na uulize mambo matatu: ipo ambayo haihitajiki tena, ipo inayoweza kubadilishwa kwa nyingine isiyokausha au kupunguzwa dozi, na ipo inayoweza kuhamishwa kutoka usiku hadi asubuhi. Swali la tatu lina sababu yake. Wakati wa usingizi tezi za mate karibu zinasimama, hivyo dawa inayokausha ikimezwa wakati wa kulala huongeza ukavu juu ya ukavu, saa zile ambazo jino halina ulinzi wowote mwingine.

Angalia pia sukari iliyojificha kwenye dawa zenyewe. Dawa ya kikohozi ya maji, vidonge vya kumung'unya vya koo na baadhi ya vidonge vya vitamini vya kutafuna vina sukari, na mzee mwenye koo kavu huvitumia kila mara. Omba vya aina isiyo na sukari. Anayetumia dawa ya pumu ya kuvuta asukutue kwa maji kila baada ya kuivuta.

Ikiwa dawa hazielezi ukavu, uchunguzi uendelee. Kisukari kisichodhibitiwa hukausha kinywa. Ugonjwa wa Sjögren, ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za mate na za machozi, huleta kinywa kikavu na macho yanayochoma kana kwamba yana mchanga. Mionzi ya kutibu saratani ya kichwa na shingo inaweza kuharibu tezi moja kwa moja, na baada yake meno yanaweza kuoza kuzunguka shingo zote ndani ya miezi michache. Kwa hiyo anayeandaliwa kwa mionzi hiyo amwone daktari wa meno kabla haijaanza.

Hatua ya 3: Lainisha kinywa bila sukari na bila asidi

Mama yangu alipoanzishiwa dawa ya kibofu, alianza kulala na peremende chini ya mto. Nilizinunua mimi, tena za ndimu, kwa sababu alisema zinamletea mate. Alisema kweli: uchachu huchochea mate. Lakini zile zilikuwa na sukari na asidi kwa pamoja, na yeye alikuwa akizilaza shavuni saa za usiku. Miezi kadhaa baadaye niliona mstari wa kahawia kwenye chonge lake la chini, ukingoni mwa fizi, upande uleule ambao peremende hukaa. "Mama, hii imeanza lini?" "Haiumi, mwanangu, iache." Daktari alipoligusa kwa chombo chake butu, ncha ilizama kidogo na kutoka kwa kunata, kama inavyozama kwenye ngozi ya mnyama iliyoloweshwa maji. Meno manne mengine upande ule yalikuwa na hali hiyohiyo. Naandika haya ili peremende iwe kitu cha kwanza kutolewa nyumbani kwako, hata kabla hujamaliza kusoma.

Mahali pake pawe na maji. Chupa ndogo iwe karibu na kiti na karibu na kitanda, na mzee anywe mafunda madogo mara kwa mara badala ya glasi nzima kwa mkupuo mmoja. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo aliyewekewa kikomo cha maji afuate kikomo hicho. Yeye anaweza kulowesha kinywa kwa mnyunyizo au kumung'unya kipande kidogo cha barafu.

Kutafuna chingamu isiyo na sukari kwa dakika 10 hadi 20 baada ya kula huamsha tezi ambazo bado zina uhai, na mate yanayotoka kwa kutafuna yana bikaboneti nyingi kuliko yale ya kukaa kimya. Iliyotiwa utamu wa zailitoli inafaa zaidi, kwa kuwa bakteria wa meno hawawezi kuigeuza asidi. Haimfai mwenye meno bandia yanayocheza, mwenye maumivu ya maungio ya taya, wala mwenye shida ya kumeza; huyo atumie vidonge laini au jeli ya kulainisha kinywa, isipokuwa mwenye shida ya kumeza, ambaye atapakwa jeli tu. Jeli hupakwa kwenye ulimi, fizi na mashavu wakati wa kulala, na ndiyo inayosaidia usiku kuliko kitu kingine. Soma karatasi yake: baadhi ya bidhaa za kulainisha kinywa zimetiwa asidi ili ziwe na ladha, nazo zinamfaa tu yule asiye na jino hata moja.

Dawa ya kusukutua yenye alkoholi iachwe. Tumbaku iachwe, ya kuvuta na ya kutia kinywani. Anayelala kinywa wazi kwa sababu pua imeziba atibiwe pua.

Kwa wachache walio na ukavu mkali, hasa wa Sjögren au wa mionzi, daktari anaweza kuandika dawa ya pilokapini, inayozisukuma tezi zitoe mate. Si ya kila mtu: mwenye pumu isiyodhibitiwa au aina fulani za glakoma (presha ya macho) haruhusiwi.

Hatua ya 4: Hesabu nyakati za sukari

Linalouumiza mzizi zaidi ni mara ngapi sukari inaingia, kuliko ni kiasi gani kinaingia. Chukua karatasi na kwa siku mbili uandike kila kitu kinachoingia kinywani pamoja na saa yake, ukihesabu pia funda moja moja. Kikombe kimoja cha chai yenye sukari kinachonywewa kwa dakika kumi wakati wa mlo ni shambulio moja. Kikombe hichohicho kikiwekwa pembeni ya kiti na kunywewa kidogokidogo tangu asubuhi hadi adhuhuri ni shambulio lisilokatika.

Lengo ni sukari isiingie zaidi ya mara nne kwa siku, na ikae ndani ya milo. Kati ya mlo na mlo ni maji, au kinywaji kisicho na sukari wala uchachu. Baada ya mswaki wa usiku ni maji matupu. Vinywaji vya kuongeza lishe, ambavyo mara nyingi huandikiwa wazee waliokonda, vina sukari nyingi. Visikatazwe, kwa maana lishe ya mzee ni jambo kubwa, bali vinywewe kwa kikao kimoja kisha kinywa kisukutuliwe kwa maji.

Hatua ya 5: Kagua shingo za meno

Mara moja kwa mwezi, kwa tochi na kijiko kikavu cha kusogezea shavu, pitia kila jino pale linapoingia kwenye fizi. Futa ukoga kwanza kwa kitambaa safi, la sivyo utakagua ukoga badala ya jino. Anza na sehemu zinazoathirika zaidi: upande wa shavuni wa magego, katikati ya meno yaliyoachana, ukingo wa mataji na viziba vya zamani, na meno yanayoshika vikucha vya meno bandia.

Tafuta doa la njano, la kahawia au jeusi linalokumbatia shingo ya jino. Rangi peke yake haitoshi kuhukumu. Doa jeusi linalong'aa na gumu mara nyingi limekwisha kusimama, ilhali doa la njano hafifu lililofifia na linalokwaruza linaweza kuwa ndilo linaloendelea. Usilichokoe kwa pini wala kijiti ili kujua ugumu wake. Ncha kali hupasua tabaka la juu ambalo bado lingeweza kurudishiwa madini. Kazi hiyo mwachie daktari.

Hatua ya 6: Piga mswaki kwa namna inayoufaa mzizi

Mswaki uwe wa nyuzi laini na kichwa kidogo. Uelekeze nyuzi zake kwenye mpaka wa jino na fizi, kwa mlazo wa digrii 45, kisha uutikise kwa miondoko mifupi pale pale, jino mojamoja au mawili mawili, kwa jumla ya dakika mbili. Kusugua kwa kwenda na kurudi kwa nguvu ndiko kulikoushusha ukingo wa fizi tangu mwanzo. Mwenye vidole vilivyokakamaa hushika vizuri zaidi mpini ulionenepeshwa kwa kitambaa au kwa mpira, na mswaki wa umeme humpunguzia kazi ya mkono.

Dawa ya meno iwe na floraidi ya 1,450 au 1,500 ppm (sehemu kwa milioni). Namba hiyo imeandikwa kwenye tyubu. Itumike mara mbili kwa siku, na ya lazima kabisa ni ya wakati wa kulala. Baada ya mswaki, mzee ateme povu na asisukutue. Wengi tumefundishwa kusukutua mara tatu, na kwa kufanya hivyo tunaimwaga dawa yenyewe ndani ya sinki. Floraidi inapaswa kubaki kwenye mzizi usiku kucha ili isaidie madini yarudi. Kinywa kikavu kikichomwa na ladha kali au povu jingi, tafuta aina isiyo na sodiamu lauril salfeti, kitu kinacholeta povu.

Kwa mzee ambaye tayari ana mzizi uliooza, au aliyekauka kinywa huku mizizi ikiwa wazi, dawa ya kawaida haitoshi. Mwombe daktari wa meno dawa yenye 5,000 ppm, ambayo katika nchi nyingi hutolewa kwa cheti tu. Inachukua nafasi ya ile ya kawaida, mara mbili kwa siku, na ihifadhiwe mbali na watoto.

Katikati ya meno tumia brashi ndogo zilizotengenezwa kwa nafasi hizo. Kwa mzee aliyeshuka fizi zinafanya kazi vizuri kuliko uzi, kwa sababu mzizi mara nyingi una bonde ambalo uzi hulivuka bila kuligusa. Chagua ukubwa unaoingia bila kulazimishwa.

Meno bandia ya sehemu yavuliwe usiku, yapigwe mswaki kwa sabuni laini, yahifadhiwe kwenye maji. Waya wake hushikilia ukoga ukutani mwa jino usiku kucha ukiachwa.

Ikiwa mikono ya mzee haiwezi tena, kwa kiharusi au kwa kusahau, utampigia mswaki wewe. Mwombe ruhusa kwa jina lake la heshima kila mara, hata kama alikuruhusu jana. Akae kitini, simama ubavuni au nyuma yake, uegemeze kichwa chake kwako bila kukilaza nyuma, na utumie dawa kiasi cha punje ya njegere. Asiyemeza vizuri ainamishwe mbele, apewe dawa kidogo isiyo na povu, na mabaki yafutwe kwa kitambaa. Akikataa, acha, rudi baada ya nusu saa. Dakika moja ya mswaki aliyoiridhia ni bora kuliko mbili za kushikana naye.

Hatua ya 7: Jua cha kuomba kwa daktari wa meno

Mwenye kinywa kikavu amwone daktari wa meno kila baada ya miezi mitatu hadi minne, hata kama hana maumivu. Nenda na orodha ya dawa, kipimo cha mate na karatasi ya nyakati za sukari.

Omba mizizi ipakwe vanishi ya floraidi. Ile ya asilimia 5 ina takriban 22,600 ppm, hupakwa kwa brashi ndani ya dakika chache, haina maumivu, na kwa mwenye hatari kubwa hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Kwa uozo ambao tayari umeanza, ipo silva daiamini floraidi ya asilimia 38. Ni tone la majimaji linalopakwa kwenye sehemu iliyooza, bila ganzi wala mashine ya kuchimba. Madini ya fedha yaliyomo huua bakteria na floraidi huugumisha mzizi. Hurudiwa mara moja au mbili kwa mwaka. Gharama yake kwa macho ni kwamba sehemu iliyooza huwa nyeusi kwa kudumu, na mzee aambiwe hilo kabla na akubali mwenyewe. Kwa magego yaliyofichika na kwa mzee asiyeweza kukaa kitini muda mrefu, mimi ningeichagua bila kusita. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, pamoja na sementi ya glasi-ionoma, ya kuzibia meno. Mwenye mzio wa madini ya fedha asitumie silva daiamini floraidi.

Shimo lililoingia ndani huzibwa, na hapo shingoni kuziba ni kazi ngumu, kwa kuwa pako karibu na fizi na unyevu wake, na kiziba hakipati ukuta wa kutosha wa kushikia. Sementi ya glasi-ionoma hushikamana na dentini na hutoa floraidi kidogo kidogo, ndiyo maana hutumika sana hapo. Kiziba kilichowekwa bila kurekebisha ukavu na sukari kitazungukwa na uozo mpya, na ukingo wake ndio utakaoanza.

Usingoje miadi ukiona uvimbe wa shavu au taya, usaha, homa, shida ya kufungua kinywa au ya kumeza. Hayo ni ya siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Fuatilia, na ujue uozo uliosimama unavyoonekana

Baada ya miezi mitatu rudia kipimo cha mate na ukaguzi wa tochi, ukilinganisha na picha za simu ulizopiga mwanzo kwenye mwanga uleule. Dawa mpya ikiongezwa, anza tena na hatua ya 2 siku hiyohiyo, usingoje zamu ya miezi mitatu.

Doa la mama halikutoweka, na la wengi halitoweki. Lilikoza kutoka kahawia hadi karibu nyeusi, likawa la kuteleza, likang'aa kama kokoto iliyosuguliwa na maji, na ncha ya chombo cha daktari ikalipita bila kuzama. Doa la namna hiyo ni gumu na limesimama, na halihitaji kuchimbwa kwa ajili ya rangi yake. Linahitaji mswaki wa usiku, floraidi isiyosukutuliwa, na chupa ya maji pale zilipokuwa peremende.